Kuprodyusi filamu na kusimamia waigizaji ukiwa Kisumu: anza hivi

Kila mwezi lazima kuna kijana wa Manyatta ama Nyalenda, saa zingine wa Kakamega ama Siaya, ananipigia akisema "bro, nataka kuingia kwa mambo ya filamu." Ukimuuliza anataka kufanya nini hasa utasikia kuigiza, ama kudairekti, ama kushika kamera. Bado sijapata mmoja wa kuniambia anataka kuwa yule mtu anajua boti itafika bichi ya Dunga saa ngapi na nani amemlipa mwenye boti. Na huyo mtu ndo hakosi kazi hapa mjini, najua kwa sababu ndo mimi.

So hii ni ya wale wanataka upande wa nyuma ya kamera, kuprodyusi na kusimamia waigizaji. Huku kwetu hizo kazi mbili huwezi kuzitenganisha, kwa sababu prodakshoni ikitoka Nairobi inataka mtu mmoja tu wa kupigia, huyo huyo apate boti, apate mama wa chakula, na apate msichana wa miaka ishirini anayeongea Dholuo ya nyumbani si ya kukariri. Nairobi kuna wale wa kazi moja tu. Huku ukijifanya wa kazi moja utalala njaa.

1. Anza kwa kubeba jenereta

Usianze na kampuni, usianze na logo, usichapishe kadi. Tafuta seti ubebe vitu. Cheo chako kitaitwa PA, yaani prodakshoni asistanti, na maana yake ni unatumwa: kuamsha watu, kuzuia boda wasipite wakati wa kurekodi, kuchaji betri za maiki, kununua maji. Lupita Nyong'o ambaye nyumbani kwao ni huku Kisumu, kabla achukue Oscar 2014, alikuwa kwa krui ya The Constant Gardener, ile iliyotoka 2005 na ikapigwa sehemu hapa Kenya. Hakuwa mbele ya kamera, alikuwa anatumwa kama wewe. Kwa hivyo usione haya.

Sasa utasema seti ziko wapi Kisumu. Ziko, ila hazina jina la seti. Mashirika yanakuja kila mara kupiga dokumentari za wavuvi na za afya, matangazo yanakuja kwa sababu ya ziwa, video za nyimbo ndo usiseme, na kuna matanga.

Wacha niongee kidogo kuhusu matanga maana watu hudharau. Mi shule yangu ya filamu ilikuwa matanga. Video ya mazishi huku Nyanza na Western ni biashara ya kila wikendi, siku hizi na laivu kwa watu wa ng'ambo wanaotaka kuona mama akizikwa. Na hakuna prodakshoni ngumu kama hiyo. Huwezi kumwambia pasta arudie maombi. Programu imeandikwa inaisha saa saba, halafu wanasiasa wanafika na kila mtu anataka maiki, jeneza linashuka saa kumi na wingu limeshaiva. Jenereta iko nyuma ya hema ya wakwe inapiga kelele kuliko kwaya, na ni wewe wa kwenda kuomba isongeshwe, kwa heshima, kwa mjomba ambaye hajalala siku tatu. Ukiweza kuomba hiyo jenereta isongeshwe bila mtu kukasirika, wewe tayari ni prodakshoni meneja, hujui tu.

Fanya hivyo mwaka mmoja, uandike kila namba ya simu kwa daftari. Si kwa simu peke yake, simu huibiwa.

2. Jifunze kuvunja skripti

Hapa ndo unaacha kuwa wa kutumwa. Kuvunja skripti ni kusoma kila sini na kutoa kila kitu ambacho mtu atahitaji kukilipia ama kukibeba. Hesabu ya kawaida ni ukurasa mmoja sawa na kama dakika moja ya filamu, na kila ukurasa unagawanywa mara nane, ndo unasikia watu wakisema sini ni "mbili kwa nane." Drama ya bajeti ndogo inaweza kupiga kurasa nne hadi sita kwa siku kama mambo yako sawa. Ukiona mtu amepanga kumi na mbili jua hajawahi kusimama kwa jua.

Mfano. Kwa skripti imeandikwa mstari mmoja tu: *Nje. Dunga. Alfajiri. Achieng anashuka kwa boti na karai ya samaki.* Dairekta anaona picha nzuri. Wewe unaona hivi: boti mbili si moja, ya kuigiza na ya kamera. Laifjaketi za krui yote, na kama Achieng haogelei, mtu anayeogelea awe kando yake amejificha. Karai. Samaki wabichi, na hao ukinunua saa kumi na moja, kufika saa nne na jua la Kisumu wameshaanza kuongea, so unapanga wa kubadilisha. Leso na nguo za Achieng zinazofanana seti mbili ama tatu, kwa sababu teki ya kwanza atalowa hadi magotini na ya pili lazima aonekane mkavu. Taulo. Chai ya moto. Ruhusa ya BMU, ile kamati ya wavuvi ya bichi, ambao ukiwapita bila salamu utapata boti zote zimeenda kuvua siku hiyo. Na gugumaji, yale magugu yanayoelea ziwani.

Gugumaji ndo imenifunza adabu. Jumatatu asubuhi tulipiga nusu ya sini, maji wazi kabisa, kisiwa kinaonekana. Jumanne tukarudi kumaliza, upepo umesukuma gugu usiku na ghuba yote ni kijani kama shamba la sukuma, boti haitoki. Huwezi kuunganisha hizo picha mbili, ni kama ziwa tofauti. Tangu hiyo siku chochote cha majini napiga chote asubuhi moja, hata kama tutaamka saa tisa usiku, na jioni yake nampigia mvuvi mmoja namuuliza upepo umelala wapi.

3. Panga siku kwa hali ya Kisumu, si ya Nairobi

Tuko karibu na ikweta, jua linachomoza kati ya kama saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi na saa moja kasoro kidogo kulingana na mwezi, mwaka mzima halibadiliki sana. Na linapanda wima. Ile mwanga ya dhahabu wanayoililia unaipata muda mfupi tu, so kila mtu awe ameshavaa na kupakwa poda kabla. Saa sita hadi saa nane na nusu usipange sini ya nje kama hupendi nyuso zenye vivuli chini ya macho, hapo ingia ndani ama watu wale. Na mchana ukienda jioni, msimu wa mvua, ziwa linajenga wingu lake lenyewe na ngurumo inakuja haraka, kwa hivyo weka sini za ndani kama akiba ya jioni.

Kolshiti, ile karatasi ya ratiba ya siku ya kupiga, itumwe kabla ya saa moja jioni ya siku iliyotangulia. Iwe na saa ya kufika ya kila mtu peke yake, si "wote saa kumi na mbili." Pini ya lokesheni. Namba ya hospitali iliyo karibu. Saa ya kula. Na andika saa kwa namna ambayo haichanganyi watu, maana ukiandika 6 kuna mtu atakuja saa sita mchana na hatakuwa na makosa.

4. Vibali

Leseni ya kufilamu inatoka KFCB (Kenya Film Classification Board), chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Hao hao ndo wanaipa filamu yako daraja la umri kabla ionyeshwe kwa watu. Kenya Film Commission ni watu wengine, iliundwa 2005 kukuza biashara ya filamu, na ndo wenye tuzo za Kalasha. Watu huchanganya hizi ofisi mbili kila siku halafu wanalalamika wamezungushwa.

Droni ni KCAA, wale wa usafiri wa ndege, na hapa usicheze, uwanja wa ndege wetu uko karibu sana na mji. Msitu wa Kakamega uulize kwanza unaenda upande gani: Buyangu kaskazini ni KWS, wale wa wanyamapori, Isecheno kusini ni KFS, wale wa misitu, barua ya mmoja haisaidii kwa mwingine. Barabara na soko ni kaunti.

Halafu kuna ruhusa ambayo haina karatasi. Chifu, mzee wa mtaa, mwenyekiti wa BMU, mama mwenye kibanda ambacho kitaonekana nyuma. Nenda siku mbili kabla, bila kamera, ukae, unywe chai. Ukiwa mdogo kwa umri nenda na mtu mzima. Barua ya Nairobi yenye mihuri mitatu haijawahi kunizimia redio ya kinyozi, lakini salamu imezima mara nyingi.

5. Bajeti: anza na tumbo

Watu huanza bajeti na kamera. Mi naanza na chakula na usafiri kwa sababu ndo vitu haviwezi kukopwa siku hiyo. Hesabu vichwa, ongeza watatu, maana lazima kuna askari, dereva na shemeji wa dairekta. Krui iliyokula ugali na samaki saa saba itakufanyia kazi hadi giza, ile uliyoipa mandazi baridi itaanza kuuliza saa. Ukimaliza kujumlisha kila kitu weka asilimia 10 juu kabisa ya dharura na usimwonyeshe dairekta hiyo laini, ataitafutia matumizi.

Kila malipo yapite M-Pesa ama benki, hata ya mia mbili ya boda, ili jioni ukikaa na risiti uone pesa ilienda wapi. Ukipokea kazi, depoziti kabla ya kununua hata maji. Nusu ni sawa. Anayekwambia "tutamalizana" tu, mwambie utangoja.

6. Waigizaji: chukua watatu, si thelathini

Kuna mtu hapa anajiita meneja ana waigizaji themanini kwa grupu ya WhatsApp. Huyo si meneja, huyo ni noticebodi. Anza na watatu unaowaamini, ambao ukiwapigia saa tano usiku wanashika.

Utawapata wapi? Drama za shule na vyuo, hizo mashindano huku zinachukuliwa kwa uzito kama mpira. Drama za kanisa. Wale wa vichekesho vya Kiluo na Kiluhya kwenye simu. Na usipite maMC wa harusi, hao watu wanajua kushikilia umati kwa masaa sita bila skripti.

Usitoze mtu ada ya kusajiliwa, wala pesa ya picha, wala "pesa ya fomu." Meneja anakula akileta kazi, full stop. Odishoni isifanywe kwa chumba cha hoteli wala usiku, mlango ubaki wazi, na kuwe na mwanamke mtu mzima ndani ya chumba. Kama prodyusa fulani anataka kukutana na msichana wako peke yake "aone kama ana passion," jibu ni hapana na uandike jina lake kwa daftari upande wa nyuma.

Kwa kila mmoja tengeneza: picha mbili safi za uso bila filta, video ya dakika moja akijitambulisha, urefu, saizi ya nguo na viatu, kama anaogelea, kama anaendesha boda, na lugha. Kwa lugha uwe makini jamani. Ejensi ikiuliza "mna Mluhya?" uliza Mluhya wa wapi, maana Mmaragoli na Mbukusu hawaongei sawa na mtazamaji wa Bungoma atazima TV. Video za odishoni pigeni karibu na dirisha, simu imelala upande, ukuta mtupu, na mbali na posho mill. Nimewahi kutuma odishoni nzuri sana yenye posho mill ndani, wakaniuliza kama hiyo ni muziki.

7. Mkataba, na hapa nilichomeka

Nilikuwa na msichana, mzuri sana kwa kamera, akapata tangazo la sabuni. Shilingi elfu ishirini na tano kwa siku moja, na kwangu wakati huo hiyo ilikuwa pesa. Mkataba ukaja kurasa nne, mi nikasoma ya pesa tu, akasaini. Ukurasa wa tatu kulikuwa na laini imesema wanaweza kutumia uso wake kwa njia zote, kila mahali, milele. Miaka mitatu baadaye mamake ananipigia, "mwanangu, huyu mtoto nimemwona kwa bango hadi Busia, pesa yake iko wapi?" Sikuwa na jibu. Na mbaya zaidi kampuni nyingine ya sabuni ilikuwa imemtaka kwa pesa mara nne, wakamwacha kwa sababu uso wake ni wa wale wengine. Nilienda kwao nikaomba msamaha nikiwa nimeketi kwa kigoda. Mama alinipa chai lakini hakuniangalia.

Kwa hivyo sasa mkataba wowote ukija natenganisha vitu viwili. Kuna pesa ya siku, yaani jasho lake. Na kuna pesa ya matumizi, yaani uso wake utakaa wapi na kwa muda gani. Natafuta mambo matatu: njia gani (TV, redio, mabango, mtandao), nchi gani, muda gani. Kama muda haujaandikwa naandika mwaka mmoja nawarudishia. Kama wanamzuia kufanya kazi na washindani, hiyo inalipiwa kando. Mara nyingi wanakubali bila hata kubishana, inakuonyesha ile laini ya milele ilikuwa tu ya kujaribu bahati.

Mkataba wako na mwigizaji wako uwe kurasa mbili za lugha rahisi, mkae chini msome pamoja, aende nayo nyumbani alale nayo. Komisheni kati ya asilimia 10 na 20, na iwe kwa kazi uliyoleta ama uliyoijadili wewe. Muda mwaka mmoja, mkipendana mnaongeza. Andika vile mnaachana pia. Mtoto chini ya miaka 18 anasainiwa na mzazi, mzazi anakuwa seti, na shule haikosi kwa sababu ya tangazo la biskuti.

Na hii watu hawapendi kusikia: ukiwa wewe ndo prodyusa na umemwajiri mwigizaji wako mwenyewe, usichukue komisheni kwa hiyo kazi. Tayari umelipwa upande mmoja. Huwezi kumjadilia bei nzuri na mtu ambaye ni wewe, mwambie wazi atafute mtu mwingine amsomee mkataba.

8. Pesa za watu

Akaunti kando. Si laini yako ya M-Pesa ambayo pia unanunulia unga. Pesa ikiingia, siku hiyo hiyo ama kesho yake mtumie mwigizaji meseji yenye hesabu yote. Kwa mfano kazi ni 60,000. Klaenti akiwa anakata kodi ya zuio ya asilimia 5, itaingia 57,000, na hizo 3,000 ziko KRA, kwa watu wa kodi, kwa PIN ya aliyetoa invoisi, so dai cheti. Kisha kateni komisheni vile mlikubaliana, kwa 60,000 ama kwa 57,000, lakini muwe mlikubaliana kabla. Vita vingi vya meneja na mwigizaji ambavyo nimeamua mimi vilikuwa vya hiyo elfu tatu.

Kila mwigizaji awe na PIN yake. Mwambie pia aulize KECOBO, ile ofisi ya hakimiliki, ni shirika gani lina leseni ya kukusanya haki za waigizaji na wanamuziki walioimba ama kupiga. Skripti zenu sajilini huko huko KECOBO. Na wimbo wa mtu usiweke kwa filamu eti kwa sababu anakujua, pata barua ya mtunzi na ya mwenye rekodi, leseni ya kupiga muziki kwa baa haihusiani na hiyo.

Faili za siku: kopi tatu, moja isilale nyumba moja na zingine. Sitaeleza kwa nini, niliibiwa begi Kondele.

9. Simu ya Nairobi ikilia

Itakuwa mtu ana haraka, anataka "lokesheni ya ziwa na krui ndogo Alhamisi." Usiseme "hakuna shida." Uliza maswali matano: watu wangapi, siku ngapi, kuna maji, kuna droni, kuna mtoto. Mwambie utamrudia baada ya saa moja, na saa hiyo moja piga simu nne, mwenye boti, BMU, mama wa chakula, dereva wa van. Kisha mtumie bei tatu kwa meseji moja fupi: ya chini kabisa inayowezekana, ya kawaida, na ya mvua ikinyesha. Wengi huchagua ya kati.

Halafu kabla hata hajatuma depoziti nampigia mvuvi wangu. "Omera, upepo umelala wapi?"